Baba anayeongea kuliko sinema

Swali la safari hii limetoka kwa baba mmoja wa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi hapa Uganda. Nimelifupisha kidogo, maneno ni yake.

"Habari yako mwalimu. Mimi ni mwanajeshi, naishi Bombo na mke wangu na watoto watatu. Zaituni ana miaka 13, Jamali 9, Husna 5. Nikiwa nyumbani, Jumamosi usiku tunatazama sinema pamoja, na mimi siwezi kukaa kimya. Sinema ikiwa mbovu nasema ni mbovu. Mtu akifyatua risasi mia bila kubadilisha magazini nasema huu uongo. Tulitazama Finding Nemo, Husna akalia, nikamwambia samaki tu huyo. Mama yao husema naongea kuliko sinema, nawaharibia watoto. Nilipuuza mpaka yakatokea mambo mawili. Tulitazama Queen of Katwe nikasema ya kichovu, haina mapigano. Zaituni akaitikia, ndiyo baba, ya kichovu. Baadaye nikamkuta anaitazama peke yake kwenye simu ya mama yake, aliponiona akaizima. La pili, Jamali tangu tutazame sinema moja ya vita hataki kulala peke yake. Je, ninyamaze? Au niache kutazama nao kabisa?"

Baba Zaituni, salaam. Usinyamaze, wala usiache. Mama Zaituni ana haki ya kulalamika, lakini kimya hakitakusaidia. Baba anayekaa kwenye kiti sinema nzima bila neno, huku watoto wanamwibia macho wajue kama ameipenda, naye anasema, tena wanamsikia vizuri sana. Cha kubadilisha ni wakati unaosema, na unachokisema.

Husna anakuhitaji uongee. Sinema nyingi mnazojaziwa kwenye flashi ni za Kiingereza, na mtoto wa miaka 5 ambaye nyumbani anasikia Kiswahili hawezi kukimbizana na Kiingereza cha Marekani. Wewe ndiye VJ wake. Aliyekulia Uganda hahitaji kuelezwa VJ ni nani. Tangu enzi za kanda za VHS, mtu huyu amekaa kwenye vibanda vya video na maikrofoni mkononi, anapunguza sauti ya sinema, anaeleza kwa Kiluganda nani kasema nini na nani anamzunguka nani, na katikati anachomeka utani wake, jambazi wa Hong Kong anajikuta ana deni la kodi ya nyumba Nansana. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana hapa kuliko waigizaji wengi wanaowatafsiri. Kenya wana DJ Afro, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Watu walilipa kiingilio kumsikiliza msimulizi kama walivyolipa kutazama picha. Kwa hiyo kuongea sinema ikiendelea ni jadi yetu, na sioni sababu ya kuiomba radhi sebuleni kwako.

Lakini hebu msikilize VJ mzuri kwa makini. Anatafsiri, anaeleza, anachekesha, na ikifika sehemu inayoshika moyo anaacha picha ifanye kazi yake. Mama akimzika mwanawe, VJ mwenye akili atasema neno moja tu kisha muziki uendelee. Na hata siku moja hamwambii mteja aliyekwisha kulipa kwamba sinema hii ya kichovu. Wewe unafanya kazi yote ya VJ, halafu unajiongezea na uhakimu, na hukumu unaisoma dakika ya kumi kabla mashahidi hawajaingia.

Nianze na Zaituni.

Sidhani kwamba alikuwa anakudanganya aliposema sinema ni ya kichovu. Alikuwa anasimama upande wako. Kazi yako inakupeleka huku na kule, na Jumamosi ambayo upo ina thamani kubwa kwake kuliko unavyodhani. Kati ya sinema na baba alimchagua baba, sinema akaipeleka kwenye simu ya mama. Lingekuwa jambo dogo kama lingeishia hapo. Ila msichana akizoea kwamba anachokipenda kinazimwa baba akitokea, hatazima sinema tu. Ana miaka 13. Kuna mwalimu atakayemwonea, kuna rafiki atakayemshawishi, kuna kijana atakayemtumia ujumbe, na hayo yote yatapita kwenye mlango uleule wa "baba atasemaje".

Na sinema yenyewe, kwa ruhusa yako, naona uliitazama nusu nusu. Iliongozwa na Mira Nair, ambaye ana makazi Kampala kwa miaka mingi, ikatoka mwaka 2016. Phiona Mutesi, mchezaji wa chesi anayesimuliwa humo, ni binti wa Katwe kweli, mtaa wa Kampala, na kocha wake Robert Katende ni mtu kweli. Unasema haina mapigano. Mama yake Phiona, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anapigana na kodi ya nyumba tangu mwanzo. Mtoto wake wa kiume anagongwa na pikipiki, anatibiwa, halafu hospitali inadai pesa ambazo mama hana. Binti mkubwa anamfuata mwanamume na kuondoka nyumbani, na mama anabaki hajui amfukuze moja kwa moja au amwachie mlango wazi. Phiona naye anasafiri, anaona hoteli na vitanda vizuri, akirudi Katwe anashindwa kuteka maji kama zamani, anaona aibu na hajui anamwonea nani. Chesi imo, lakini chesi ndiyo njia ya kuyasema hayo yote. Msichana wa miaka 13 akikaa na hiyo peke yake kwenye simu, hapotezi muda.

Kuna kitu mwishoni ambacho sitaki mkikose mkiitazama tena. Majina yanapoanza kupita, kila mwigizaji anatokea pamoja na mtu halisi aliyemwigiza, wamesimama ubavu kwa ubavu. Madina Nalwanga, aliyeigiza kama Phiona, ni binti wa Kampala aliyepatikana kwenye darasa la ngoma, na pale anasimama na Phiona mwenyewe. Wengi huwa wamekwisha kunyanyuka kutafuta viatu. Kaeni. Zaituni ataona kwamba yaliyomtokea mmoja yanaweza kuchezwa na mwingine, na wote wawili ni wasichana wa mtaani kama anaowajua. Mimi sijaona njia fupi zaidi ya kumweleza mtoto sinema ni kitu gani.

Namna ya kurekebisha ni rahisi, usiifanye kuwa kubwa. Usimwitie kikao, wala usimwambie "nilikuona siku ile". Sema tu siku moja mkiwa mnakula, "Ile ya Katwe nataka niione tena, sikuitazama vizuri," na umwombe Zaituni ashike rimoti. Akitaka kusimamisha mahali akuonyeshe kitu, asimamishe. Ukikuta bado imekuchosha, si dhambi.

Kuanzia hapo wekeni utaratibu wa kusema. Sinema ikiisha anaanza Husna, anafuata Jamali, kisha Zaituni, kisha mama yao, wewe wa mwisho. Wewe kama mwanajeshi utaielewa sababu yake upesi: katika mahakama za kijeshi za Uingereza, mwenye cheo cha chini ndiye hupiga kura kwanza, asije akaifuata kauli ya mkubwa. Na usiulize "umejifunza nini?" Swali hilo liache shuleni, linageuza Jumamosi kuwa mtihani. Uliza "Sehemu gani ungeirudisha nyuma tuione tena?" au "Nani alikuudhi?" Mtoto wa miaka 5 ana jibu la maswali hayo, na mara nyingi jibu lake litakushangaza, maana atataja kuku aliyepita nyuma ya ukuta ambaye nyinyi wengine hamkumwona.

Zamu yako ikifika, sema unavyoona, hata kama hukuipenda. Ila toa sababu ambayo mwenzako anaweza kuitazama kwenye picha. "Ya kichovu" haimwachii mtu cha kujibu. "Mimi nilichoka pale katikati, walicheza chesi muda mrefu na sikujua nani anashinda" inajibika, na Zaituni anaweza kukwambia, "Lakini baba, pale si ulikuwa kwenye WhatsApp?" Mimi kwa mfano siipendi The Lion King ya mwaka 2019, na nyumbani kwangu hawana shaka na hilo. Walitengeneza simba anayefanana kabisa na simba wa mbuga ya Queen Elizabeth, na simba wa aina hiyo hawezi kulia kwa uso. Ile ya mwaka 1994 ya kuchorwa, nyusi peke yake zinakueleza moyo wa Simba uko wapi. Haya ni maoni yangu tu, lakini mtoto anaweza kuweka sinema zote mbili, akaangalia nyusi, akanipinga. Wengine hunipinga kwelikweli, wanasema ya zamani ni katuni ya watoto wadogo.

Sasa Husna na samaki wake.

Finding Nemo, ya mwaka 2003, inaanza na samaki mume na mke wanaofurahia nyumba mpya na mayai yao mengi. Anakuja samaki mkali, na dakika chache baadaye mama hayupo, mayai hayapo, limebaki moja. Hiyo ni kabla hata jina la sinema halijatokea. Wamarekani waliipa daraja la G, maana yake yeyote anaweza kutazama, kama walivyoipa The Lion King ya 1994 ambayo ndani yake mtoto anamtikisa baba yake aliyekufa aamke. Ukijiuliza kwa nini, ni kwa sababu madaraja yanapima zaidi damu, matusi, bunduki na mambo ya chumbani. Kufiwa na mzazi hakuna matusi wala damu. Kwa hiyo kipimo kinapita safi juu ya kitu kinachomuumiza mtoto wa miaka 5 kuliko chochote kingine.

Husna hakumlilia samaki. Aliona mama ametoka mlangoni na hakurudi. Ukimwambia "samaki tu huyo", unamjibu swali ambalo hakuuliza. Na hata ungemwambia "si kweli hiyo, ni picha", isingesaidia sana. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani, alishughulika miaka mingi na watoto na vitisho vya kwenye skrini. Alikuta kwamba watoto wadogo wanatishwa na kinachoonekana. Katika ile tamthilia ya zamani ya The Incredible Hulk, kilichowatisha sana wadogo ni mtu mwema anapogeuka kuwa jitu la kijani, ingawa jitu hilo linakuja kuokoa watu. Wakubwa wanajua ni mwema, wadogo wanaona sura. Na mtoto mdogo aliyetishika, maneno ya kumweleza hayamfikii haraka kama kupakatwa, kikombe cha chai ya maziwa, au kushika kitu anachokipenda. Maelezo yanaanza kufanya kazi vizuri akikaribia miaka 7 au 8.

Kwa hiyo Husna akilia, simamisha picha, mpakate, na useme kile anachokiona: "Mama yake amekufa. Baba yake yupo, atamtunza." Halafu endeleeni akitaka kuendelea. Na sinema hiyo, ukiiangalia vizuri, ni ya baba anayevuka bahari nzima akimtafuta mtoto wake aliyechukuliwa. Sikuambii ni nani katika nyumba yenu anayeihitaji.

Kama mtaweka The Lion King, kuna jambo lingine la kuangalia kwa watoto wa umri wa Husna. Scar, baba mdogo wa Simba, anamwambia Simba kwamba baba yake amekufa kwa sababu yake, na Simba anaamini, anakimbia. Mtoto mdogo naye huamini hivyo kwa urahisi: bibi aliugua kwa sababu nilimkasirisha, baba ameondoka kwa sababu nilivunja kioo. Hapo VJ asinyamaze. Sema waziwazi, "Scar anadanganya, Simba hakufanya kosa." Ni sentensi fupi, na kwa mtoto aliyewahi kufiwa inaweza kuwa mara ya kwanza kuisikia.

Jamali ni habari nyingine kabisa.

Nilicheka niliposoma juu ya magazini. Hilo endelea nalo, ndilo neno bora kuliko yote unayoyasema. Magazini ya kawaida ya AK-47 ina risasi 30. Mpe Jamali kazi ya kuhesabu, na shujaa akifyatua ya 31 apige makofi. Mtoto anayehesabu risasi ameshaanza kumwona mtu wa nyuma ya kamera: kuna aliyeamua bunduki isiishiwe, kwa sababu kubadilisha magazini kungemchelewesha shujaa na kuwachosha watazamaji. Ukipata nafasi mwonyeshe pia zile video fupi zinazoonyesha jinsi sinema za Wakaliga zinavyotengenezwa. Isaac Nabwana na vijana wa mtaa ule wa Kampala ndio waliotengeneza Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Bunduki zao ni vyuma chakavu na mbao, moto wa mdomoni unaongezwa kwa kompyuta, na wanaokufa asubuhi kwenye picha jioni wako mtaani wanakula chapati. Sinema yenyewe si ya mtoto wa miaka 9, watu wanauawa mfululizo. Utengenezaji wake ndio darasa.

Ila fikiria Jamali anasikia nini ukisema "kwenye vita vya kweli haiko hivi". Katika umri wake zimwi halimtishi tena. Anaogopa yanayoweza kutokea: wezi, ajali, vita, kifo. Hapo amekaa karibu na mtu anayejua vita vya kweli vikoje, na mtu huyo amesema haviko hivi, kisha hakusema vikoje. Pameachwa pengo, na pengo hilo Jamali analijaza mwenyewe usiku taa ikizimwa. Wanajeshi wa Uganda wako Somalia tangu mwaka 2007. Mtoto wa kambini anajua baba wa fulani amekwenda, amesikia wamama wakinong'ona kibarazani, ameona gari likisimama mbele ya nyumba ya watu na majirani wakianza kukusanyika. Ukatazama naye sinema ambamo askari mwenye watoto anauawa. Hataki kulala peke yake? Mimi ningeshangaa kama angelala.

Zungumza naye mchana. Usiku kabla ya kulala si wakati wake. Iwe mkiwa na kazi mikononi, mnaosha pikipiki au mnamenya viazi, maana mvulana wa umri huo huongea vizuri asipotazamwa usoni. Muulize aliona nini kwenye ile sinema, na umwache aseme mpaka amalize, hata akisimulia vibaya. Kisha mpe ukweli wa ukubwa wake: kazi yangu ina hatari, tunafundishwa kujilinda, sasa hivi niko hapa na wewe, na nikipangiwa safari nitakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Usimwahidi kwamba hutakufa. Anajua huna uwezo huo, na ahadi ya namna hiyo inamfanya asiamini na zile nyingine.

Usiku alale chumba kimoja na dada zake, taa ndogo iwake, kwa wiki kadhaa. Hataharibika. Na lile neno la kambini, "mtoto wa askari haogopi", nakuomba lisisikike nyumbani kwako, hata kwa mzaha, hata kutoka kwa wajomba. Hofu haitaondoka, ataificha tu, na utaiona ikirudi kwa mlango mwingine, ugomvi shuleni au maumivu ya tumbo yasiyo na ugonjwa. Ikiwa baada ya wiki hizo bado anashtuka usiku kila mara, amerudia kukojoa kitandani au hataki kwenda shule, mpelekeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na waombeni wawaelekeze kwa wanaoshughulika na afya ya akili ya watoto. Hospitali ya Butabika ina huduma hiyo. Ukimpeleka hutakuwa umemwita mwanao mgonjwa wa akili.

Na ile sinema ya vita ifuteni kwenye flashi.

Hukuniuliza juu ya kuchagua, lakini flashi ndiyo chanzo cha nusu ya haya. Kijana wa dukani anakujazia sinema ishirini kwa mkupuo, hazina kasha wala daraja. Uganda tuna Baraza la Vyombo vya Habari ambalo kazi zake ni pamoja na kupanga filamu kwa madaraja, ila daraja halisafiri na faili lililonakiliwa. Ukiona herufi za Kimarekani mwanzoni mwa picha, PG maana yake wanategemea mzazi amekaa pale, na PG-13 ilianzishwa mwaka 1984 kwa sababu wazazi walilalamika kwamba sinema zilizoitwa PG zilikuwa zinatisha watoto wao. Ni mwanga kidogo, si ruhusa. Nakala ya VJ ina jambo lake la ziada: picha inaweza kuwa safi kabisa, utani alioutia VJ ukawa wa wanaume wa kilabu cha pombe. Tazama dakika kumi za mwanzo na kumi za katikati ukiwa peke yako, hapo utakuwa umejua vya kutosha.

Kwa Jumamosi hii ninakupendekezea Inside Out ya mwaka 2015. Msichana wa miaka 11 anahamishwa na wazazi wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco, kwa sababu ya kazi ya baba. Ndani ya kichwa chake kuna hisia tano zinazogombea usukani, na Furaha anafanya kila njia Huzuni asiguse chochote. Mambo yanaharibika mpaka pale Huzuni anapoachiwa, na ndipo msichana anapoweza kuwaambia wazazi wake kwamba anakumbuka alikotoka. Mwongozaji wake, Pete Docter, amesimulia kwamba wazo lilitokana na binti yake mwenyewe, aliyekuwa mchangamfu na alipofika miaka 11 hivi akawa mkimya. Watoto wa kambini wanahamishwa kuliko watoto wa mtu yeyote, na mara nyingi tunawaambia jambo moja tu: mtazoea. Waulize ni kitu gani wanakikumbuka cha mahali mlipoishi kabla ya Bombo, halafu usiwasahihishe.

Ina dakika 95, nyingi kwa Husna. Ikateni mara mbili, nusu Jumamosi na nusu Jumapili mchana, au msimamishe katikati mle karanga, kila mmoja abashiri kitakachotokea. Kuna sehemu moja ya kusikitisha sana karibu na mwisho, rafiki wa utotoni wa kufikirika anapofifia. Mpakate kabla haijafika. Kama Jamali anataka kitu cha kutisha kidogo cha kuchekea, mtafutie A Kalabanda Ate My Homework, katuni fupi ya Mganda Raymond Malinga ya mwaka 2017. Kalabanda, zimwi la mabwenini, kila mtoto wa shule hapa amekwisha simuliwa, na hapo anawekewa makosa ya kazi ya nyumbani.

Baada ya hapo zamu ya kuchagua iwe ya Zaituni, kisha Jamali, kisha Husna, ambaye bila shaka atataka ileile ya samaki mara tatu mfululizo. Mkubalieni. Mtoto wa umri huo akirudia sinema anarudi kwenye sehemu iliyomtisha akijua safari hii inaishaje, na kila akirudi inampungukia. Zamu yako nayo itafika. Ukichagua ya mapigano, itazame mwenyewe Ijumaa wakishalala, na risasi uzihesabu kwanza wewe.